Muulize Fundi: Ampu ya tyubu inanguruma

*Fundi, ampu yangu ya tyubu inavuma hata gitaa likiwa halijachomekwa. Nimebadilisha tyubu zote saba na mvumo uko pale pale. Nifanyeje? – Msomaji, Majengo*

Pole kwa gharama. Tyubu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ampu, hulaumiwa kwanza kwa sababu huchomoka kwa mkono bila kufungua kitu. Kabla hujanunua kingine, teremsha volyumu hadi sifuri usikilize. Mvumo ukipotea, chanzo kiko kabla ya nobu ile, yaani kwenye tyubu ndogo za mwanzo. Ukibaki, tafuta kwenye tyubu kubwa au kwenye umeme wa ndani.

Kisha upime mvumo kwa gitaa lenyewe. Piga uzi mnene kabisa ukiwa umeubana freti ya tatu. Hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Umeme wetu Kenya hutetema mara 50, na ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja) mabaki yake hutetema mara 100, karibu sawa na noti hiyo. (Maelezo ya Marekani husema 60 na 120, ukiyafuata hapa utapotea.)

Mvumo ukilingana na G hiyo, shuku kapasita kubwa za kuchuja, yaani zile zinazohifadhi umeme na kulainisha mabaki hayo. Hukauka kwa umri na joto, na ampu inayopigwa ukumbini bila feni huzikausha mapema. Weka zenye mikrofaradi zile zile, kwa kawaida 22 au 47, na volti zisipungue zilizoandikwa kwenye zile za zamani. Angalia upande wa hasi: ukizigeuza zitapasuka. Lakini kwako wewe kuna jambo jingine la kupima kwanza. Tyubu kubwa hufanya kazi kwa jozi, na jozi iliyolingana hufutiana mabaki hayo ya umeme. Je, hizo mpya uliuziwa zikiwa zimelinganishwa, na bayasi (mkondo unaopita kwenye tyubu hizo gitaa likiwa kimya) ikarekebishwa? Zikipishana miliampea 5 au zaidi, mvumo hurudi hata kapasita zikiwa nzima.

Mvumo ukiwa chini zaidi, oktava moja chini ya G ile, huo ni wa 50: nyaya za volti 6.3 zinazopasha tyubu moto, au waya wa ardhi uliolegea. Nyaya hizo zisokotwe pamoja na zipite mbali na waya wa kuingizia gitaa. Kama transfoma haina waya wa katikati kwa volti hizo, unga rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya hadi kwenye chesisi, yaani bati la msingi la ampu.

Ndani mna volti 400 na zaidi, na hukaa humo hata plagi ikiwa imechomolewa. Tumia rezista ya kiloomu 10, wati 5, yenye miguu iliyofunikwa: shika mwisho mmoja kwenye chesisi na wa pili kwenye chanya ya kapasita kwa nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita kuwa zimebaki chini ya volti 10. Bisibisi inayotoa cheche si njia ya kumaliza umeme.

*Yangu hukwaruza kama samaki anayekaangwa, hasa siku za mvua. – Msomaji, Likoni*

Hewa ya chumvi hula pini na soketi. Zima ampu, ikishapoa chomoa tyubu ndogo iliyo karibu na tundu la gitaa, uwashe na usikilize. Endelea hivyo moja moja kuelekea tyubu kubwa, ukizima kila mara. Mkwaruzo ukikatika, mhalifu ni tyubu uliyochomoa mwisho, soketi yake, au rezista yake ya pleti (inayopeleka volti kubwa kwenye tyubu), mara nyingi kiloomu 100. Weka tyubu nyingine pale. Mkwaruzo ukiendelea, safisha soketi kwa spiriti na uzibane kidogo zile klipu zake kwa sindano, umeme ukiwa umeshamalizwa kama nilivyoeleza. Bado? Badilisha rezista hiyo kwa ya filamu ya metali ya wati 1. Zile za kaboni za zamani hukwaruza sana zikizeeka.

Ukigonga tyubu kwa kalamu ya risasi ikalia kama kengele, hiyo imelegea ndani. Haitengenezeki.

*Nyumbani gitaa linavuma, nikigusa nyuzi linanyamaza. Kwa jirani haliko hivyo. – Msomaji, Kisauni*

Ampu yako ni nzima. Zima regyuleta ya feni ya dari kwanza, hasa ile ya kuzungusha isiyo na hatua: hukata wimbi la umeme na kurusha kelele chumba kizima. Halafu taa na chaja. Ukinyamaza mlio ukigusa nyuzi, gitaa halina ngao: bandika karatasi ya shaba ndani ya tundu lake na uiunge na waya wa ardhi. Usikate pini ya ardhi ya plagi hata mlio ukipungua, na ukihisi mtekenyo kidoleni unapogusa nyuzi, chomoa papo hapo na umwite fundi umeme wa nyumba apime soketi.