Kumtafutia nyumba mbwa mwoga: uliza Jumanne yao ikoje

Ukitangaza kwamba unalea kwa muda mbwa anayetafuta nyumba ya kudumu, karibu kila atakayekupigia simu ataanza kwa kukwambia jinsi anavyopenda mbwa. Mimi huwaamini. Ila kwa mbwa mwenye hofu nyingi, hilo halinitoshi kuamua lolote. Ninachotaka kujua ni Jumanne yao ikoje. Nani anaamka kwanza? Mlango unagongwa mara ngapi? Televisheni huwashwa saa ngapi, na kwa sauti gani? Mbwa atabaki peke yake kwa muda gani? Nimewalea mbwa wengi wa namna hii, na kila aliyetulia huko alikokwenda alitulia kwa sababu siku ya kawaida ya nyumba ile ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Watu wakimwona mbwa amejikunyata kwenye kona hudhani moja kwa moja kwamba alipigwa. Wapo waliopigwa kweli. Lakini wapo pia ambao hawakuwahi kuguswa kwa ubaya, ila hawakuonyeshwa dunia mapema. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri wake, ambacho hupokea mambo mapya kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote: watu wa kila umbo, sauti za vyombo, sakafu zinazoteleza, magari. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi kule Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Aliyepitisha wiki hizo akiwa amefungiwa bandani hukua akiona kila kitu ni kigeni. Wengine wamerithi woga kutoka kwa wazazi wao. Na wengine wana maumivu ambayo hakuna aliyeyagundua: jino bovu, sikio lililooza ndani, nyonga inayouma. Kabla hujaanza kutafuta nyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe vizuri. Mbwa anayeshtuka kila akiguswa mgongoni huenda anaumwa mgongo tu.

Nasisitiza hili la chanzo kwa sababu linaathiri aina ya watu watakaokuja. Anayeamini kwamba mbwa aliteswa huja na huruma iliyojaa mikononi: anataka kumkumbatia, kumbembeleza, kumfidia. Mbwa mwoga hahitaji kufidiwa. Anahitaji kuachiwa nafasi.

Kazi yako ya kwanza kama mlezi wa muda ni kumjua huyo mbwa kwa undani kiasi cha kuweza kumweleza kwa mtu ambaye hajamwona. Mimi hutumia daftari. Naandika nini kilimtisha, kilikuwa umbali gani, na alichukua muda gani kurudi katika hali yake. Hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Nililiona vizuri kwa Majivu, jike mmoja wa kijivu aliyekuwa akiishi nyuma ya kochi langu. Funguo zikianguka sakafuni alikimbilia chini ya meza, akajilaza, mkia kaufyata, weupe wa macho ukionekana pembeni. Siku za mwanzo hakutoka huko hadi jioni. Baadaye aliendelea kushtuka vilevile, akakimbia vilevile, lakini alikuwa amesharudi kabla chai yangu haijapoa. Ukimwangalia juu juu ungesema hajabadilika. Daftari lilisema amebadilika sana, na ndilo lililonipa ujasiri wa kuanza kumtafutia watu.

Jifunze pia ishara ndogo, zile zinazotangulia kunguruma: kujilamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni, kuganda ghafla. Mfunza mbwa wa Norway, Turid Rugaas, ndiye aliyewafanya watu wengi waanze kuzitazama. Mwenyeji mpya asiyezijua ataona tu meno, kisha atasema mbwa alibadilika bila sababu. Na hofu hujumlishwa. Asubuhi fundi amekuja kutoboa ukuta, mchana mlango umegongwa, jioni mtoto amepita mbio. Mbwa aliyevumilia mawili ya kwanza anaweza kung'aka kwa la tatu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa bado haujatulia tangu asubuhi. Ndiyo maana nauliza kuhusu siku nzima. Na kila anayemchukua mbwa kwangu namwomba asimkaripie akinguruma. Mbwa aliyezoeshwa kunyamaza huruka hatua hiyo na kuuma.

Katika tangazo, sema ukweli wote. Ukiandika kwamba ana aibu kidogo, utapata simu nyingi za watu wasiofaa. Kuhusu Majivu niliandika kwamba haguswi na wageni, hajui kupanda ngazi, anaogopa fagio na wanaume wenye sauti nzito, na kwamba anapenda kulala karibu na mtu anayesoma, bila kuguswa. Simu zilipungua sana. Waliopiga walikuwa wamesoma hadi mwisho, na mazungumzo yalianzia mahali pazuri. Picha nayo iwe ya kweli: mbwa akiwa amepumzika mahali pake, wala usiweke ile ya sekunde moja aliyoonekana kama anacheka kumbe anahema kwa hofu.

Sasa hayo maswali. Nyumba yenye uwanja mkubwa huwavutia watu wengi, na wenye nao huutaja mapema. Kwa mbwa mwoga, uwanja mkubwa mara nyingi ni mahali pakubwa pa kujificha, na akiachwa nje hatawazoea watu kamwe. Nauliza uzio una urefu gani, kuna upenyo chini yake, na mbwa atalala wapi. Ghorofa dogo la mtu mmoja mtulivu linaweza kumfaa kuliko hapo, ilimradi usisahau lifti: ni chumba kidogo kisicho na pa kukimbilia, na kinafunguka ghafla mbele ya watu wageni, kila anapokwenda haja. Akiishi ghorofa ya chini, au kuna ngazi zenye nafasi na mbwa ameshazijua, naendelea.

Watoto wadogo hapana. Najua wapo watakaonipinga, na najua kuna watoto wenye utulivu wa ajabu. Lakini mtoto mdogo hukimbia, hulia, huanguka, hukumbatia, na yote hayo ni haki yake akiwa kwao. Sitaki kumweka mtoto katika nyumba anayokatazwa utoto, wala mbwa katika nyumba asiyopata pumzi. Watoto wakubwa wanaoelewa maana ya kumwacha mbwa akilala, tunazungumza.

Mbwa mwingine nyumbani anaweza kuwa mwalimu bora kuliko mtu yeyote. Mbwa mwoga humtazama mwenzake akipokea chakula mkononi, akilala chali sebuleni, asishtuke mlango unapogongwa, na taratibu huanza kuiga. Ila mwenzake awe mtulivu na mpenda watu. Waoga wawili hutishana. Na kuna wale wanaoshikamana na mbwa mwenzao wakasahau kabisa kwamba kuna watu. Hao nyumba yenye mbwa haiwasaidii. Hili utalijua tu kama umemwona na mbwa wengine ukiwa naye.

Uvumilivu hauulizwi moja kwa moja, kila mtu atasema anao. Mimi huuliza hivi: utafanya nini miezi mitatu ikipita na bado hataki umshike? Akijibu kwamba mbwa wote humpenda, atamzoea tu, naanza kusita. Akijibu kwamba basi atakaa anapotaka kukaa, naongeza chai. Halafu naomba kuongea na kila anayeishi pale. Mmoja asiyemtaka mbwa, anayepita akisukuma viti kwa hasira, anatosha kuharibu kazi ya wengine wote.

Kukataa ni sehemu ya kazi hii, na haina haja ya ukali. Nawaambia huyu hatakuwa na raha katika nyumba yao, namna siku zao zilivyo, kisha nawaeleza ni mbwa wa aina gani angefurahia kelele na wageni wao. Wengine hukasirika. Wengine hurudi baadaye kwa mbwa mwingine, na huyo huwafaa kweli.

Mkutano wa kwanza naufanya mahali ambapo mbwa anapafahamu, au nje tukitembea upande mmoja, si uso kwa uso. Wageni nawaomba wasimkodolee macho, wasimwinamie, wasinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Wakitaka kumpa kitu wakitupe nyuma yake. Hii ni mbinu iliyoenezwa na mkufunzi Suzanne Clothier wa Marekani, na sababu yake ni nzuri: chakula kilicho mkononi humvuta mbwa karibu kuliko ujasiri wake unavyoruhusu, na akishakimeza anajikuta pua kwa pua na mtu anayemwogopa. Kikitupwa nyuma, anakula huku anapumua, halafu akirudi ni kwa hiari yake.

Mama aliyemchukua Majivu alikuja na mfuko wa barua zake. Alikaa sakafuni ubavu ubavu, akaanza kuzifungua moja moja bila kumtazama mbwa. Majivu alinusa soli ya kiatu, akarudi nyuma. Akaja tena, akanusa mfuko, akarudi. Mara ya tatu alisimama pale pale na kujikung'uta mwili mzima kama aliyetoka mtoni, ishara kwamba mwili umeachia. Yule mama hakunyoosha mkono. Alisoma barua yake hadi mwisho, kisha akaniuliza Majivu hulala wapi usiku, na kama taa huachwa inawaka. Hakuondoka naye siku hiyo. Alirudi mara kadhaa kwanza, na ndivyo ninavyopendelea.

Siku ya kumhamisha, usalama kwanza. Mbwa mwoga aliyehamishwa punde anaweza kuchomoka mlangoni akakimbia bila kujua nyumbani ni wapi. Avae kola yenye namba ya simu pamoja na mkanda wa kifuani uliombana vizuri, kila kimoja na kamba yake. Chipu yake, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, isajiliwe kwa jina la mwenye nyumba mpya kabla hajaondoka. Mlango wa nje ufunguliwe pale tu mlango wa ndani ukishafungwa. Akitoroka asifukuzwe, maana kumfukuza humpeleka mbali zaidi. Mtu akae chini, chakula kiachwe alipoonekana mara ya mwisho, na mimi nipigiwe simu mara moja. Aende na blanketi lake bila kufuliwa, na chakula kile kile alichozoea. Wakitaka kukibadilisha, wachanganye kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.

Makubaliano tunayaandika. Kuna kipindi cha majaribio, na ikishindikana mbwa anarudi kwangu, haendi kwa binamu wala jirani. Hakuna lawama akirudi. Kama anatumia dawa za kupunguza hofu, na baadhi ya mbwa huzihitaji kweli, naeleza zinavyotumika na kwamba hazikatizwi bila daktari. Fluoxetine, kwa mfano, huchukua wiki kadhaa kabla matokeo hayajaonekana.

Wanaolea mbwa kwa muda hutumia kanuni ya tatu tatu: siku 3 za kupigwa na butwaa, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kuanza kujiona yuko kwao. Kwa mbwa mwoga itumie kama kiwango cha chini. Na wewe mlezi usibabaike akionekana amerudi nyuma baada ya kuondoka kwako. Nimeona tena na tena kwamba mbwa aliyekwisha kumwamini mtu mmoja humwamini wa pili kwa haraka kuliko alivyokuamini wewe. Ndiyo sababu sikubali hoja ya kwamba, kwa kuwa ametulia kwangu, basi nibaki naye. Nikibaki naye, yule aliye bandani leo hana pa kuja.

Simu yako iwe wazi wiki za mwanzo. Ujumbe wa kwanza huwa ule ule: hali chakula, hatoki, hatutazami. Nawajibu waweke maji na chakula karibu na anapolala, watoke chumbani, waendelee na shughuli zao kwa sauti ya kawaida. Kukosa mlo mmoja au miwili si ajabu. Asipokunywa maji, akitapika, au siku mbili zikipita bila kugusa chakula, aende kwa daktari. Kisha hufika ujumbe wa pili, ambao mimi huungoja kwa hamu: ameiba soksi. Mbwa anayeiba soksi ameanza kuzunguka nyumba. Hapo nawaambia waweke kapu la nguo juu, wampongeze kimyakimya, na ndugu wanaotaka kuja kumwona wasubiri kwanza.