Barua kwa Mwanangu: Mwanamtandao Ni Nani?

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku Mombasa sote tu wazima, na babako anakusalimu. Swali lako nimelipata: umepewa makala ya Kiingereza kuhusu Wakenya na intaneti uitafsiri, neno "netizeni" limejaa humo, mhariri wako anataka kila lilipo uandike "mtumiaji wa intaneti", nawe umeshikilia "mwanamtandao". Wauliza ni nani kati yenu aliye sawa. Kwa maoni yangu nyote wawili mko sawa, ila si katika sentensi zile zile, na sababu yake imo katika historia ya neno lenyewe.

Aliyelieneza neno "netizeni" ni kijana wa Marekani, Michael Hauben, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alichunguza maisha ya watu wa Usenet, mfumo wa majadiliano uliobuniwa na wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1979, ambamo mtu aliuliza jambo kupitia kompyuta yake na watu asiowajua, walio mbali, wakamjibu bila malipo. Aliwatumia maswali, majibu yakamjia kwa wingi, na mwaka 1993 akaandika kuhusu watu hao akiwaita kwa jina hilo, linalounganisha "net", yaani mtandao, na "citizen", yaani raia. Mwaka 1997 maandishi hayo yalitoka kitabu, alichokitunga pamoja na mamake, Ronda Hauben, jambo ambalo limenipendeza mimi zaidi kuliko linavyoisaidia tafsiri yako.

Hauben mwenyewe aliona mapema kwamba neno lake lilikuwa likitumika kwa maana mbili. Wengine walilitumia kwa yeyote aingiaye mtandaoni, kwa sababu yoyote iwayo. Yeye alilitaka kwa wale wanaoujali mtandao kama mali ya wote na kuufanyia kazi ili uwafae wengine, na aliwatoa katika jina hilo wanaoujia kwa faida yao tu au wanaoudhani kuwa ni huduma ya kununua. Ni mtu aliyejua alichokitaka, lakini maneno hayamtii aliyeyabuni. Wakati wake intaneti ilikuwa hasa mali ya vyuo na vituo vya utafiti, na aliyefika huko mara nyingi alikuja na la kusema. Kadiri mlango ulivyopanuka, ndivyo maana pana ilivyoimeza ile finyu. Hata kwetu, kabla ya mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofikishwa pwani ya Mombasa kupitia chini ya bahari, intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Sasa anayo hata mwenye simu janja tu. China, neno lao "wangmin", ambalo kwa Kiingereza hutafsiriwa kwa neno hili hili la Hauben, ndilo linalotumika katika takwimu rasmi: mtu wa miaka 6 na kuendelea aliyetumia intaneti katika nusu mwaka uliopita huhesabiwa, hata kama hakuandika neno moja. Ndiyo maana idadi yao imepita bilioni 1.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Mhariri wako akisema kwamba "mwanamtandao" humaanisha mtumiaji tu, muulize kuhusu kiambishi "mwana". Mwanahabari si kila asomaye gazeti, wala mwanamaji si kila avukaye kwa feri ya Likoni. Lakini naye anaweza kukujibu kwamba mwanakijiji ni yeyote aishiye kijijini, awe anahudhuria baraza la chifu au hahudhurii, na hapo hutakuwa na la kumrudishia. Kiambishi hicho hubeba shughuli na ukaaji kwa pamoja, kwa hiyo neno letu limerithi utata ule ule alioukuta Hauben. "Raia wa mtandao" usilitumie. Raia ana serikali inayomtambua na sheria anazodai haki kwazo, na mtandao hauna ofisi ya vitambulisho. Ikiwa makala yatasomwa Tanzania, kumbuka pia kwamba karibu na uchaguzi wa 2005 "wanamtandao" walikuwa ni kundi la ndani ya CCM lililomuunga mkono Jakaya Kikwete, na wazee wa huko bado hulisikia neno kwa sikio hilo.

Mfano wa Kenya unaonifikirisha zaidi ni Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa mwezi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, ili watu waeleze waliyoyaona na mahali yalipotokea. Taarifa zilipokewa kwa tovuti na pia kwa ujumbe mfupi wa simu. Hebu mfikirie mtu aliyetuma ujumbe kwa simu ya kawaida, isiyo na intaneti. Kwa hesabu ya mhariri wako si mtumiaji wa intaneti hata kidogo. Kwa kipimo cha Hauben amefanya kazi ya mwanamtandao kumzidi anayekesha akitazama video. Vivyo hivyo na wanaojitolea kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, iliyokuwapo tangu 2003, ambao hawalipwi wala majina yao hayajulikani na wengi.

Kuna jambo moja la kazi yangu ya zamani ambalo nakuomba ulichukue. Nilipokuwa mkalimani mahakamani, shahidi akisema "watu walikasirika", hakimu aliuliza papo hapo: watu gani, wangapi, uliwasikia wewe? Magazeti ya siku hizi huandika "wanamitandao wamshambulia" fulani, nawe ukisoma ndani ukakuta maoni manne, mawili yakiwa ya mtu mmoja. Tofauti na hayo ni Julai 2015, CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama: Wakenya wengi waliijibu kwa pamoja kwenye Twitter chini ya alama ya reli moja, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa shirika hilo akaja Nairobi kuomba radhi. Hapo kuita "wanamtandao" kulikuwa na msingi, kwa kuwa walisema kama jamii.

Basi katika makala yako, aya ya kwanza inayotaja idadi iandike "watumiaji wa intaneti", na umpe mhariri wako haki yake. Ile ya waliochangishana fedha za matibabu ya mgonjwa wasiyemjua, andika "wanamtandao" bila kusita. Na ile inayosema kwamba "netizeni wa Kenya wamechukizwa na nauli mpya", usitafsiri kabla hujamuuliza mwandishi ni kina nani. Akikosa jibu, andika "baadhi ya waliotoa maoni mtandaoni".

Wasalaam,
Mamako