Weka jozi: nilivyosoma na kuangalia filamu mwezi wa Julai

Julai hapa Iringa baridi ikishakolea, saa moja jioni watu washajifungia ndani. Kama huna mpango, usiku wote unaishia kwenye simu mpaka chaji ikate. Wenzangu kadhaa wameniuliza nasoma nini msimu huu, na inakuwaje nakumbuka nilichosoma wakati wao wakifunga kitabu wiki hii, wiki ijayo hawakumbuki hata jina la mhusika. Ninachofanya ni kimoja: sisomi kitabu kikiwa peke yake. Nakitafutia mwenzake. Riwaya na filamu yake, tamthilia na historia, kitabu na mahali palipotokea mambo. Viwili vikikaa pamoja vinaanza kubishana, na ule ubishi ndio unaobaki kichwani.

Jozi nyepesi kuipanga ni Vuta N'kuvute. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1999, filamu ya Amil Shivji ikatoka 2021. Wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na ujumbe, tukasahau kwamba ni hadithi ya mapenzi. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mno, anatoroka, anakutana na Denge ambaye yuko mbioni kuwapinga Waingereza. Isome upya bila mwalimu kukusimamia, utaona.

Ushauri wangu: anza na kitabu. Ukianza na filamu, sura ya Yasmin umeshapewa, na hutaweza tena kujitengenezea wa kwako. Filamu ni ya kama saa moja na nusu, kwa hiyo mengi yamekatwa. Kwenye riwaya unakaa na Denge na wenzake, unawasikia wakibishana, unaona jinsi siasa inavyoingia chumbani kwa watu kidogo kidogo. Filamu imeuacha mzigo huo kwa nyuso, vichochoro vya Mji Mkongwe na taarabu. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Lakini Yasmin wa kitabu namwona mkaidi zaidi, na mimi nampenda mkaidi.

Jozi iliyonikamata mwezi mzima ni nyingine kabisa: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, pamoja na safari ya Kalenga.

Tamthilia usiisome kimya. Hili nalisema kwa yeyote anayelalamika kwamba tamthilia zinachosha. Sisi tulikaa sebuleni kwa shangazi, mimi, binamu yangu na mdogo wake aliyekuwa likizo, tukagawana wahusika. Binamu akawa Kitunda. Mdogo wake akachukua wote waliobaki, kila mmoja akimpa sauti yake, askari akimwongelesha kwa pua. Shangazi alikuwa anachambua maharage, hakushiriki, ila tulipofika pale Kinjeketile anapoanza kuona kwamba lile neno lake, kwamba maji yatawakinga watu na risasi, limemponyoka, watu wanaliamini kuliko anavyoliamini yeye mwenyewe, akaacha maharage. Mwishoni Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua akikiri, watakaozaliwa baadaye wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Shangazi akasema, "Sasa huyo si muongo?" Tukabishana mpaka saa nne. Shangazi hajashawishika hadi leo, na sidhani amekosea sana.

Hussein mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Kinjeketile Ngwale wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa Agosti 1905 vita ndiyo kwanza vinaanza, na vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Ukilijua hilo, tamthilia inakuwa nzito zaidi: neno liliendelea kutembea mwenye neno akiwa kaburini.

Sasa Kalenga. Kutoka mjini ni kama kilomita kumi na tano, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Ndani ya makumbusho lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwenye kisanduku cha kioo. Wanafunzi wa shule wanapelekwa pale kila mwaka, wanapita wakisukumana, wanatoka. Ukienda ukiwa umetoka kusoma Kinjeketile, unasimama muda mrefu zaidi. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo, Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akafia hapo. Ngome ya Kalenga ikaanguka 1894. Miaka minne akawasumbua msituni, na Julai 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu likapelekwa Ujerumani, likaandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, na likarudi 1954.

Swali nililotoka nalo pale sikuwa nalo kabla: mbona Maji Maji ilipolipuka, wakaingia Wangoni na Wabena wengi, Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuingia? Hesabu miaka. Kutoka 1898 hadi 1905 ni saba tu. Hawa walikuwa wameshapigana vita yao na kuzika watu wao. Kitabu kisingenipa swali hilo, na fuvu peke yake lisingenipa. Limetoka katikati.

Nikiwa bado kwenye enzi hizo nikaongeza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, anasafiri bara na msafara wa tajiri, na Wajerumani wako pembeni ya hadithi wakizidi kusogea. Baada ya Mkwawa na Kinjeketile nilitamani mtu wa kupigana. Hapigani mtu. Ilinikera kurasa za mwanzo, halafu nikaona ndicho kitabu kinachonionyesha walioishi zama zile bila kuwa mashujaa, ambao ndio wengi. Msichukue hiki kwanza. Kiwe cha tatu.

Msinione msomi wa kununa. Filamu za mapigano zilizotafsiriwa nazipenda, zile ambazo mtafsiri anapunguza sauti ya filamu na kuanza kusimulia yeye, adui anageuzwa mpangaji asiyelipa kodi na polisi wa Hong Kong wanajadiliana bei ya nyanya. Nazo ziwekee jozi: iangalie iliyotafsiriwa, kisha ileile bila mtafsiri. Utagundua nusu ya vichekesho ulivyokuwa unacheka havimo kwenye filamu. Ni kazi ya yule bwana wa maikrofoni, na nadhani hatumpi heshima yake.

Mambo madogo ya kuwasaidia. Ukipeleka flashi kwa kijana wa kuweka muvi, nenda na majina uliyoandika, la sivyo utarudi na sizoni ya Kikorea ya vipande sitini na mwezi wako umekwisha. Vitabu visivyopatikana dukani ulizia maktaba ya mkoa kabla ya kuagiza Dar. Kitabu kikikushinda kurasa hamsini za mwanzo, kiache, tafuta jozi nyingine, hakuna anayekudai. Na ukikaa na jiko la mkaa ndani wakati unasoma, fungua dirisha hata kama baridi inauma, maana hewa ya mkaa inaua watu kila msimu wa baridi.

Agosti nimepanga Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kuondolewa mashuleni. Mwenzake bado sijampata. Binamu anasema nitafute filamu yoyote ya Bongo yenye baba mkali na binti anayekwenda chuo, zimejaa. Shangazi yeye anataka apewe kitabu kwanza, aone walikuwa wanaficha nini.