"Sarafu za fedha": fedha ipi?

SWALI: Natafsiri maelezo ya dirhamu za Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu waliotawala kutoka Damascus. Nimeandika "sarafu za fedha", mwenzangu kacheka, eti ni sawa na kusema "pesa za pesa". Niandikeje? Na sarafu huchapwa au hugongwa?

JIBU: Hujakosea. Fedha ni neno la Kiarabu, na asili yake ni yale madini meupe. Maana ya pesa imezaliwa humo. Mwenzako mwenyewe akiona pete ya fedha hafikirii noti. Tena upatanisho husaidia: madini hubaki umoja, "fedha hii imeingia weusi", ilhali pesa mara nyingi huenda wingi, "fedha hizi hazitoshi". Ukihofia utata bado, zipange pamoja: dinari za dhahabu, dirhamu za fedha, fulusi za shaba. (Naam, fulusi, hizi hizi tunazolilia kila mwisho wa mwezi.)

La pili limejibiwa na dirhamu yenyewe. Soma duara la maandishi: "Bismillahi, duriba hadha d-dirham bi-Dimashq", kisha mwaka, 79 Hijria, yaani 698 au 699. Duriba ni "ilipigwa", na ilipigwa kweli: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili, ikashuka nyundo. Andika "iligongwa Damascus". "Ilichapwa" si kosa, ila msomaji wa leo atawaza gazeti.

Nikuongezee tahadhari ambayo hukuiuliza. Kabla ya mageuzi ya khalifa Abdulmalik bin Marwan, dirhamu zilibeba sura ya mfalme wa Kiajemi na madhabahu ya moto, na "bismillahi" imebanwa pembeni. Yeye akafuta sura, yakabaki maneno matupu. Watafsiri wengi hapo huandika "katikati pana shahada". Sivyo. Katikati pana "La ilaha illa Llahu wahdahu la sharika lahu", yaani hapana mungu ila Allah peke yake, hana mshirika; nusu ya pili ya shahada haipo hapo. "Muhammad rasulu Llahi" iko upande wa pili, ukingoni, ikizunguka maneno ya Suratul Ikhlas. Neno lako hapo ni "kalima ya tauhidi".

Na usiandike "dirhamu yenye jina la Abdulmalik". Sarafu ndogo za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, zina majina ya watawala wao. Hizi za mageuzi hazimtaji khalifa popote, ingawa amri ilikuwa yake. Andika "ya zama za Abdulmalik".