Ukialikwa mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, ingia jikoni

Vijana wetu wanaokwenda kusoma kaskazini mwa China nawapa ushauri huu: ukialikwa nyumbani kwa watu usiku wa kuamkia mwaka mpya wao, usikae sebuleni kungoja kuandaliwa. Nawa mikono, ukasaidie kutengeneza jiaozi, vile vifuko vidogo vya unga vyenye kijazo ndani, vinavyochemshwa. Familia ya rafiki yangu kule Harbin niliizoea hapo, mikono ikiwa imejaa unga.

Unga ni wa ngano na maji baridi, basi. Ukishakandwa na kupumzishwa, hukatwa vidonge vidogo vinavyosukumwa kwa kijiti chembamba. Pembeni pawe pembamba, katikati pabaki panene kidogo, la sivyo itapasuka kwenye maji. Bibi alisukuma, mama akajaza na kufinya kingo, sisi tukapanga kwenye sinia. Umbo lake hufanana na vipande vya dhahabu na fedha vilivyokuwa mali zamani, ndiyo maana huliwa usiku huo. Familia nyingi huficha sarafu safi ndani ya moja, na anayeipata huhesabiwa mwenye bahati mwaka mzima. Kwa hiyo tafuna taratibu!

Ubunifu uko kwenye kijazo, na hapo kila nyumba ina lake. Harbin wanapenda nguruwe na kabichi iliyochachushwa. Mimi Mwislamu, nikasema mapema kwamba nguruwe sili. Mama hakuona tabu: alinunua kondoo kwenye bucha la Wahui, Waislamu wa huko, akamchanganya na karoti, akachemsha kwenye sufuria ya peke yake. Nikaomba kutia binzari nyembamba. Bibi akainusa, akasema hivyo ndivyo wanavyokula kondoo Xinjiang, magharibi mwa China, nitie tu. Nilifurahi mno.

Ukijaribu nyumbani, kabichi itie chumvi kisha uikamue sana, na kijazo ukikoroge upande mmoja mpaka kishikane. Tia jiaozi kwenye maji yanayochemka; yakifura, mimina kikombe cha maji baridi. Rudia mara tatu. Kula na siki. Wao huloweka kitunguu saumu ndani ya siki tangu siku ya nane ya mwezi wa mwisho wa kalenda yao, kikageuka kijani. Usikiogope, ni kitamu kweli.

Kusini, kama Guangzhou, huenda usikute jiaozi mezani. Huko utaona samaki mzima na keki ya mchele wa kunata. Waulize wenyeji mapema watapika nini, waambie usichokula, na usiende mikono mitupu: matunda yanatosha.