Anza na muamala, matabaka yatafuata

Mhasibu wa sacco tuliyokuwa tukiihudumia alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, Ngong Road, akiwa na karatasi moja mkononi. Mstari mmoja alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu: mwanachama amekatwa shilingi 3,500 kwenye akiba ili kulipia mkopo, na mkopo wenyewe haukupungua hata senti. "Kijana wangu," akaniuliza, "hizi pesa zimelala wapi?"

Sikuwa na jibu. Msimbo ule niliuandika mwenyewe, na wenzangu walioupitia waliusifu kwa unadhifu. Kulikuwa na ripozitori (sehemu ya msimbo inayosoma na kuandika jedwali lake kwenye hifadhidata) ya akiba, ya mikopo na ya wanachama, kila moja na kiolesura chake, na juu yake tabaka la huduma, linaloendesha kazi nzima, lililoita ripozitori ya kwanza, kisha ya pili. Kilichokosekana ni mpaka wa muamala, yaani kundi la mabadiliko ya hifadhidata yanayokubaliwa yote au kufutwa yote. Tulitumia Spring Data JPA, maktaba ya Java ya kufikia hifadhidata, ambamo mbinu (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ya kuhifadhi hufungua muamala wake na kuufunga yenyewe isipokuta mwingine ulio wazi tayari. Basi akiba ikapunguzwa na kuthibitishwa, seva ikazimika, mkopo haukufikiwa. Hifadhidata iliandika kile tulichoiagiza.

Tangu siku ile, nikianza mradi siulizi kwanza nitumie muundo gani. Nauliza: ni mambo gani lazima yafanyike yote pamoja, au yasifanyike kabisa? Kulipa mkopo kwa akiba ni jambo moja. Kumsajili mwanachama pamoja na hisa zake za kwanza ni jambo moja. Kila jambo la namna hiyo lipe mbinu moja kwenye tabaka la huduma, na muamala uanzie na uishie hapo. Usiiachie ripozitori iamue kazi imekamilika lini, kwa kuwa haioni zaidi ya jedwali lake.

Kubandika tu alama ya @Transactional, inayoiambia Spring ifungue muamala, hakutoshi. Sisi tuliibandika mbio mbio juu ya mbinu iliyokuwa ikiitwa na mbinu nyingine ya klasi (fungu la mbinu) ileile, na haikufanya lolote. Kwa kawaida Spring husimamia muamala kupitia wakala anayekaa nje ya klasi, na wito wa ndani kwa ndani haumpitii. Tuligundua kwa sababu niliandika jaribio linalokatiza kazi katikati makusudi. Nakuomba uandike jaribio kama hilo kabla ya jingine lolote: punguza akiba, rusha hitilafu, kisha uangalie kama salio limerudi lilivyokuwa. Liendeshe juu ya hifadhidata ileile utakayoitumia kazini, kama ni PostgreSQL basi PostgreSQL, maana ripozitori za kuigiza hazina cha kurudisha nyuma.

Jambo jingine lililotuumiza ni ujumbe wa simu. Mwanachama akilipa, anatumiwa SMS, nasi tuliituma ndani ya muamala. Jioni moja huduma ya SMS ikawa nzito. Kila malipo yalishika muunganisho wa hifadhidata huku yakisubiri mtandao, na HikariCP, maktaba inayogawa miunganisho hiyo, usipoigusa mipangilio yake, hutoa miunganisho 10 tu. Yote 10 ikashikwa, mfumo mzima ukaganda, hata kwa mtu aliyetaka kuangalia salio tu. Sasa tunaandika ujumbe kwenye jedwali ndani ya muamala uleule, na kazi nyingine inausoma na kuutuma baadaye.

Je, uandike ripozitori zako mwenyewe? Ukitumia Django ya Python, mara nyingi sioni haja, kwani modeli zake (klasi zinazowakilisha majedwali) zinajua kujihifadhi. Ukitumia Entity Framework ya .NET, klasi yake ya DbContext tayari inafanya kazi hiyo, pamoja na kukusanya mabadiliko na kuyahifadhi kwa mkupuo mmoja. Watu huniambia, "Je, kesho tukibadilisha hifadhidata?" Katika miradi yangu yote kesho hiyo haijafika. Mahali ambapo ripozitori zimenifaa kweli ni kwenye kanuni nzito, kama hesabu ya riba na wadhamini, ninapotaka kuzipima kanuni zenyewe bila kuiwasha hifadhidata.

Kwa ripoti, zipite pembeni kabisa. Ripoti ya wanachama 2,000 iliyomwita kila mmoja na mkopo wake ilikuwa ikiigongea hifadhidata mara 2,001. Swali moja la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, lenye kuunganisha majedwali likaimaliza kazi hiyo, na sioni aibu kuliandika kwa mkono.

Kuna kanuni nisizoziamini kwenye tabaka lolote la msimbo. Taarifa ya malipo ya M-Pesa ikiingia mara mbili, huduma inaweza kuangalia kwanza kama namba ya malipo hayo ipo. Lakini seva mbili zikiangalia kwa wakati mmoja, zote zitaambiwa haipo, na mwanachama ataandikiwa malipo mara mbili. Kwa hiyo safu ya namba hiyo tuliiwekea sharti la kutojirudia kwenye jedwali lenyewe. Taarifa ya pili ikija, hifadhidata inaikataa, na huduma inaichukulia kuwa malipo yaliyokwisha kupokelewa.