Kuchangia Luanti ukiwa na Ubuntu na RAM ya GB 4

Kwa aliyeuliza kama anaweza kuchangia Luanti (injini huria ya michezo ya kompyuta, ile iliyoitwa Minetest hadi 2024) bila kujua C++, lugha ya programu ambayo imeandikiwa: inawezekana, anza na tafsiri. Ila usihariri faili za .po (faili za tafsiri) na kuzituma GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa mradi. Tafsiri hupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria programu. Angalia alama kama %s na $1: zibaki zilivyo, maana programu huweka jina au namba hapo. Kama unataka kukagua faili kwenye mashine yako, tumia `msgfmt -c`, amri inayotafuta makosa kwenye faili za .po. Sentensi yenye alama ya fuzzy (tafsiri isiyo na uhakika) haitaonekana ndani ya mchezo mpaka uithibitishe.

Kuijenga Luanti mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake si kazi kubwa. Sakinisha kwa apt maktaba zilizoorodheshwa kwenye maelezo ya mradi, kisha:

`git clone --depth 1 https://github.com/luanti-org/luanti`
`cd luanti`
`cmake . -DRUN_IN_PLACE=TRUE`
`make -j2`

Hiyo -j2 (kazi mbili kwa wakati mmoja) ni ya makusudi. Wengi hunakili `-j$(nproc)` (kazi nyingi kama viini vya prosesa), RAM inajaa, kerneli inaua cc1plus (kikusanyaji cha C++) katikati na wao wanadhani msimbo ni mbovu. Ukisahau RUN_IN_PLACE, programu itatafuta faili zake kwanza kwenye /usr/local badala ya folda hii uliyoijengea.

Ikiwaka, utakuta injini tupu. Pakua mchezo kutoka ContentDB, hazina ya michezo na nyongeza za Luanti. Kabla ya kutuma mabadiliko ya msimbo, fungua tawi jipya la git, na tatizo moja liwe ombi moja la kuunganisha (pull request). Ukichanganya marekebisho matatu, mkaguzi atakurudishia.